Kutia mbolea ya fosfeti katika maji ya kisima cha matumbawe bila kuziba mipira ya dripu: mwongozo kwa wakulima wa Malindi

Maswali matatu huulizwa na karibu kila mkulima anayefunga dripu kwa mara ya kwanza katika ukanda wetu huu. La kwanza: mbona maji ya tangi yamegeuka meupe kama tui la pili baada ya kutiwa mbolea? La pili: mbona vitundu vya mwisho wa shamba vimekauka, ilhali filta ni safi na pampu haina hitilafu? La tatu huulizwa kwa uchungu kwa sababu linahusu fedha: je, niliuziwa mbolea bandia?

Mara nyingi mbolea haina kosa. Kilichotokea ni kwamba fosfeti iliyomo katika mbolea imekutana na kalsiamu iliyomo katika maji, zikashikana, na zikawa madini ambayo maji hayawezi kuyayeyusha tena. Madini hayo ni ya jamii moja na yale yanayojenga mifupa na meno yetu, na ndiyo maana yakishakomaa ndani ya kitundu cha dripu hayaondoki kwa maji matupu wala kwa kuugongagonga mpira.

Mwongozo huu umeandikwa hasa kwa mwenye kisima kilichochimbwa katika mwamba wa matumbawe, yaani ukanda wa Watamu, Gede na mji wa Malindi, ambako mwamba huo uko karibu na uso wa ardhi. Anayevuta maji ya Mto Sabaki ana shida yake nyingine ya tope, ambayo dawa yake ni kutuama na kuchuja. Hata hivyo, jaribio la chupa lililoelezwa katika hatua ya 4 litamfaa yeye pia.

Nadharia kidogo, ili hatua zieleweke

Maji ya mvua yanapopenya katika mwamba wa matumbawe huuyeyusha kidogo kidogo, kwa hiyo maji ya kisima huja na vitu viwili ambavyo macho hayavioni: kalsiamu, na bikaboneti ambayo kazi yake ni kuzima asidi. Fosfeti nayo hubadilika sura kulingana na pH ya maji, yaani kipimo cha asidi: namba ikishuka asidi imezidi, ikipanda imepungua. Katika pH ya 5.2, takriban asilimia 99 ya fosfeti iko katika sura ambayo haitupatii taabu, kwa kuwa chumvi yake na kalsiamu huyeyuka kwa kiasi cha gramu 18 hivi katika lita moja. Katika pH ya 7.2, nusu ya fosfeti imekwisha kugeuka sura ya pili, ambayo ikishikana na kalsiamu huzaa brushaiti, madini ambayo lita moja ya maji huyeyusha takriban miligramu 90 tu. pH ikizidi kupanda na muda ukipita, ukungu wa mwanzo pamoja na brushaiti hugeuka hatua kwa hatua kuwa hidroksiapatiti, ambayo lita moja ya maji ya kawaida haiyeyushi hata miligramu moja.

Hapo ndipo ulipo mtego unaowanasa wengi. Muuzaji wa mbolea husema, naye husema kweli, kwamba MAP (fosfeti ya monoamonia) ni mbolea yenye asidi: ukiiyeyusha katika maji ya mvua, gramu 10 kwa lita, utapima pH ya karibu 4.5, na maji yatabaki safi kabisa bila ukungu. Lakini chukua mfano wa kisima chenye miligramu 300 za bikaboneti katika lita, na mkulima anayetia nusu gramu ya MAP kwa kila lita. Bikaboneti hiyo peke yake inatosha kuizima asidi yote ya MAP, na baada ya muda mfupi fosfeti inajikuta katika pH ya 7 au zaidi, tena katikati ya kalsiamu iliyokuwa ikiisubiri. Kwa hiyo maji ya kisima si chombo cha kubebea mbolea tu, bali ni sehemu ya mchanganyiko wenyewe, na yanapaswa kupimwa kabla ya mbolea kupimwa.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Karatasi za kupimia pH zenye kusoma kuanzia 1 au 2 hadi 9, au mashine ndogo ya pH iliyosahihishwa hivi karibuni. Karatasi zinatosha kwa kazi hii.
- Chupa tano za plastiki zinazopenyeza nuru, za lita moja, zilizooshwa bila sabuni na kusuuzwa kwa maji ya mvua.
- Sirinji isiyo na sindano, ya mililita 10.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja.
- Ndimu ya unga, ambayo ni asidi ya sitriki kavu. Kwa shamba dogo ndiyo asidi salama zaidi kuishika, na ina faida ya pili: huishika kalsiamu kwa kiasi fulani na kuichelewesha isikutane na fosfeti. Mwenye shamba kubwa ataona gharama yake imezidi, naye atalazimika kutumia asidi ya fosforiki au ya naitriki ya kilimo, ambazo zinadai uangalifu mkubwa kuliko huu ninaoueleza hapa.
- Maji ya mvua, lita 5 hivi. Yaliyokingwa kutoka bati safi ndiyo bora. Yaliyolala katika tangi la saruji hayafai kwa jaribio hili.
- Kitambaa cheusi, kwa mfano kipande cha buibui la zamani, na tochi.
- Glavu za mpira na miwani ya kukinga macho.
- Mbolea unayokusudia kutumia, ile ile, kutoka mfuko ule ule.

Kuhusu mbolea, soma mfuko kabla ya kununua. MAP (12-61-0) na MKP (fosfeti ya potasiamu, 0-52-34) za kuyeyuka zinafaa kwa dripu. DAP (fosfeti ya diamonia) haifai: maji yake yana pH ya karibu 8, ambayo ndiyo tunayoikimbia, na punje zake huacha masalio yasiyoyeyuka; iache iwe mbolea ya kupandia. TSP (superfosfeti iliyokolezwa) nayo ni vivyo hivyo kwa upande wa masalio. CAN (naitreti ya amonia yenye kalsiamu) isitiwe katika tangi la dripu kamwe, kwa sababu ndani yake mna unga wa mawe ya chokaa, ambao huziba vitundu na huipandisha pH kwa wakati mmoja.

Hatua za kazi

1. Chota maji ya kupima kwa namna inayostahili. Washa pampu na uyaache maji yatoke kwa dakika kadhaa, ili yale yaliyolala katika bomba yaondoke. Jaza chupa mpaka mdomoni, ufunge papo hapo, na upime ndani ya saa hiyo hiyo. Maji ya chini ya ardhi huwa yamebeba gesi ya kaboni dioksidi, na gesi hiyo ikitoroka pH hupanda. Kwa hiyo maji yaliyokaa katika ndoo wazi tangu jana yatakupa jibu la uongo.

2. Pima pH ya kisima na uiandike pamoja na tarehe. Ukiweza kupeleka chupa nyingine maabara, omba vipimo vitano: pH, kalsiamu, magnesiamu, bikaboneti na uchumvi. Ukikosa maabara, tazama dalili za nyumbani: sabuni inayokataa kutoa povu, na ukoko mweupe chini ya birika la chai, ni ushahidi wa kutosha kwamba kalsiamu na bikaboneti zipo kwa wingi. Rudia kipimo baada ya masika na tena kiangazi kikikaza, kwa kuwa maji ya kisima hayabaki yale yale mwaka mzima.

3. Tafuta kiasi cha asidi ambacho maji yako yanahitaji. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, nayo ndiyo inayoamua kama msimu wako utapita salama. Yeyusha gramu 10 za ndimu ya unga katika maji kidogo ya mvua, kisha ongeza maji mpaka ujazo ufike mililita 100. Sasa kila mililita moja ya dawa hiyo ina gramu 0.1 ya ndimu ya unga.

Tia lita moja kamili ya maji ya kisima katika chupa. Ongeza mililita moja ya dawa, funga, tikisa, fungua gesi itoke, kisha pima pH. Endelea hivyo mililita moja baada ya nyingine. Mwanzoni utadhani hakuna linalotokea, kwa kuwa pH itashuka kwa uvivu sana. Utakachokiona ni viputo vidogo vilivyojishika ubavuni mwa chupa, ambavyo ni bikaboneti ikigeuka gesi. Subira inahitajika hapa, kwa maana baada ya bikaboneti nyingi kuisha pH itaanza kushuka upesi. Ukifika 5.5, simama na uandike umetumia mililita ngapi.

Usimalizie hapo. Acha chupa wazi kwa saa moja, uitikise mara kwa mara, kisha upime tena. Ukikuta pH imepanda, ni kwa sababu gesi iliyokuwa ikishusha pH ya maji imetoroka. Ongeza dawa nusu mililita nusu mililita mpaka pH itulie karibu na 5.5. Kiasi cha jumla ndicho kiasi chako halisi.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme umetumia mililita 4 kwa lita moja: hiyo ni gramu 0.4 kwa lita, na tangi la lita 1,000 litahitaji gramu 400. Usichukue kiasi cha jirani hata kama visima vyenu vimetenganishwa na ua tu.

Pengine utajiuliza kwa nini 5.5 na si 6.5 inayotajwa katika vijitabu vingi. Kwa maji yenye miligramu 100 za kalsiamu kwa lita na nusu gramu ya MAP, mpaka ambapo brushaiti huanza kupata nafasi ya kujitenga uko karibu na pH ya 6. Kukaa 5.5 ni kujiwekea pengo la usalama kwa ajili ya joto la mipira na makosa madogo ya kupima. Usishuke chini ya 5 katika umwagiliaji wa kawaida, kwa kuwa mizizi na viungo vya chuma vya mfumo vyote vitaumia.

4. Fanya jaribio la chupa nne. Yeyusha gramu 10 za MAP katika maji ya mvua, ujazo ufike mililita 200. Kila mililita 10 za dawa hii zitakuwa na nusu gramu ya mbolea. Kama kiwango unachokusudia shambani si nusu gramu kwa lita, badilisha mililita kwa kadiri hiyo. Kisha andaa chupa hizi, uziandike kwa kalamu isiyofutika:

- Chupa ya kwanza: lita moja ya maji ya kisima kama yalivyo, pamoja na mililita 10 za MAP.
- Chupa ya pili: lita moja ya maji ya kisima yaliyoshushwa pH kwa kiasi ulichokipata katika hatua ya 3, kisha mililita 10 za MAP.
- Chupa ya tatu: lita moja ya maji ya mvua na mililita 10 za MAP.
- Chupa ya nne: mililita 100 za maji ya mvua zilizoyeyushiwa gramu 10 za MAP, zikamiminiwa mililita 100 nyingine zilizoyeyushiwa gramu 10 za naitreti ya kalsiamu.

Ziweke mbele ya kitambaa cheusi na uzimulike kwa tochi kutoka ubavuni, si kutoka mbele. Ukungu ambao jicho haliuoni mchana utaonekana kama moshi unaoelea katika njia ya mwanga. Tazama baada ya dakika 10, baada ya saa 2, na asubuhi ya pili.

Chupa ya nne huganda, nayo ipo kwa ajili ya kukuonyesha kwa macho yako kwa nini hatua ya 5 haina msamaha. Chupa ya tatu hubaki safi, na kusafika kwake ni ushahidi kwamba mbolea yako si bandia. Chupa ya kwanza ndiyo inayodanganya watu: huweza kuwa safi kwa dakika 10 za mwanzo, hata kwa saa moja, na ikaanza kuchafuka baadaye. Madini haya yanaweza kubaki yameyeyuka kupita kiwango chake kwa muda, mpaka pale punje ya kwanza inapojiunda, kisha mengine yote hufuata. Mkulima aliyetazama tangi lake kwa dakika 5 akaridhika, huwa amepeleka ukungu huo ukajiunde ndani ya mipira, mahali ambapo hataweza kuufikia.

Chupa ya pili ikibaki safi mpaka asubuhi, fanya nyingine kama hiyo na uiache juani kutwa nzima. Madini ya kalsiamu na fosfeti hayafanani na sukari. Joto haliyasaidii kuyeyuka bali huyasukuma yajitenge, na mpira mweusi uliolala juani Malindi saa saba mchana una joto kali kuliko hewa inayouzunguka. Chupa ya juani ikipita, kiasi chako kimethibitika. Ikichafuka, shusha pH kwa nusu alama, yaani hadi 5, au punguza kiwango cha MAP, kisha urudie.

5. Tenga mbolea za kalsiamu na mbolea za fosfeti. Zisikutane katika tangi moja, wala katika ndoo moja ya kuyeyushia, wala kwa kijiko kimoja kisichosuuzwa. Naitreti ya kalsiamu ina kalsiamu ya asilimia 19 hivi. Ikiwa miligramu 100 kwa lita za kisima zinatosha kukusumbua, fikiria gramu kadhaa. Mbolea zenye salfeti, kama salfeti ya magnesiamu na salfeti ya potasiamu, nazo zikae mbali na naitreti ya kalsiamu iliyokolezwa, kwa kuwa hapo huzaliwa jasi (salfeti ya kalsiamu), ambayo asidi haiisaidii sana kuyeyuka. Panga siku: kwa mfano fosfeti Jumatatu, kalsiamu Alhamisi, na maji matupu katikati. Kumbuka kwamba NPK ya kuyeyuka, kama 19-19-19, ni mbolea ya fosfeti pia, hata kama jina lake halisemi hivyo. Wengi huichanganya na kalsiamu kwa kutojua.

6. Andaa tangi kwa mpangilio huu, usiupindue. Maji kwanza, kisha asidi, kisha kipimo, kisha mbolea.

Jaza tangi robo tatu. Yeyusha ndimu ya unga yote katika ndoo ya maji, uimimine tangini huku ukikoroga kwa mti safi, ukoroge kwa dakika kadhaa ili gesi itoke. Pima pH. Ikiwa ni 5.5 au chini yake kidogo (kwa kuwa asidi ya tangi zima iko katika robo tatu tu ya maji), ndipo uimimine mbolea iliyokwisha kuyeyushwa kando, ikiwezekana kwa maji ya mvua, kisha ujaze tangi kwa maji yaliyobaki. Kwa kuwa robo hiyo ya mwisho ni maji ghafi ya kisima, yamimine polepole huku ukikoroga. Anayeanza kwa mbolea na kumalizia kwa asidi huwa ameipa kalsiamu nafasi ya kushikana na fosfeti kwanza, na kuziachanisha baadaye ni kazi ndefu kuliko kuzizuia zisikutane.

Onyo kuhusu asidi za maji, kwa atakayezitumia: asidi hutiwa katika maji, maji hayatiwi katika asidi. Na asidi yoyote, hata ndimu ya unga, isikutane na dawa ya klorini ya kufulia au ya kutibu maji, kwa kuwa hutoka gesi ya sumu inayochoma mapafu.

7. Pima pH tena baada ya nusu saa, kabla ya kufungua koki. Ikiwa imepanda kupita 6, ongeza asidi kwanza.

8. Endesha umwagiliaji kwa awamu tatu. Anza na maji matupu mpaka presha itulie na vitundu vyote vitoe. Kisha fungua mbolea. Mwisho rudi kwenye maji matupu. Fanya kazi hii alfajiri, kabla ya mipira kupata joto. Ukiweza kuifunika mipira kwa matandazo ya nyasi au makuti makavu, utakuwa umepunguza joto na kuhifadhi unyevu kwa pamoja.

9. Suuza mpaka fosfeti itoke kweli. Fosfeti ikibaki mpirani, maji ghafi ya kisima yanayofuata yataipandisha pH yake na kuigandisha hapo hapo ilipo. Usikisie muda. Kinga maji ya kitundu cha mwisho kabisa, mbali na tangi, uyapime kwa karatasi: pH yake ikilingana na ile ya kisima uliyoiandika katika hatua ya 2, mbolea imetoka. Mara moja kwa mwezi fungua ncha za mipira yenyewe na uyaache maji yatoke kwa nguvu mpaka yawe safi.

Makosa yanayorudiwa

Kosa la kwanza ni kutia majivu au chokaa tangini kwa imani ya kuongeza rutuba. Vyote viwili hupandisha pH kwa kasi, na fosfeti yote itazama chini. Majivu yana nafasi yake shambani, lakini si ndani ya maji ya dripu.

Kosa la pili ni tangi jipya la saruji. Kuta zake hutoa chokaa kwa muda, na maji uliyoyashusha hadi 5.5 jioni yanaweza kuwa yamepanda mno asubuhi, huku asidi ikizila kuta zenyewe. Changanya mbolea katika tangi la plastiki.

Kosa la tatu ni kuamini kwamba filta itakuokoa. Filta huzuia kilichokwisha kuwa kigumu kabla ya kuifikia. Haiwezi kuzuia kitakachojiunda baada ya kuipita. Tena kuna wanaokoleza mchanganyiko kwa sababu mimea imedhoofika, ilhali kiwango cha juu ndicho kinachozidisha kuganda. Fosfeti kidogo kidogo kila juma huwafikia nyanya na pilipili vizuri zaidi kuliko nyingi kwa mkupuo, hasa katika udongo wetu wa matumbawe, ambao nao una kalsiamu yake ya kuishikilia.

Tatizo likitokea

*Tangi limegeuka jeupe papo hapo.* Usifungue koki. Ongeza ndimu ya unga kidogo kidogo huku ukikoroga, ushushe pH mpaka 5. Ukungu mchanga, uliojiunda saa hiyo, bado haujapangika kuwa madini magumu, na mwingi wake hurudi kuyeyuka. Ukibaki baada ya saa kadhaa, acha utuame, na maji ya juu yaliyo safi uyamwagilie kwa mkono. Tope la chini lina fosfeti yako. Lisambaze kwenye mashimo ya mipapai au minazi, ingawa litatoa chakula chake polepole sana.

*Tangi ni safi lakini vitundu vinaziba.* Pasua kitundu kimoja kwa wembe ujue adui yako kabla ya kununua dawa. Yeyusha gramu 20 za ndimu ya unga katika mililita 100 za maji, udondoshe tone juu ya ukoko na utazame kwa karibu. Ukichemka kwa viputo, ni chokaa ya kawaida, yaani kaboneti, na kisa chake ni maji yenyewe hata bila mbolea. Ukiyeyuka polepole bila kiputo, ni fosfeti. Viputo vichache kisha kuyeyuka kimya ni mchanganyiko wa vyote viwili, jambo ambalo ni la kawaida kwetu. Usipoyeyuka kabisa, shuku mchanga, udongo wa mfinyanzi au jasi. Ukiwa wa kijani na unateleza kidoleni, huo ni mwani, na tiba yake ni kulifunika tangi lisipate mwanga.

*Ukoko ni fosfeti, usafishe vipi?* Fanya upesi, kwa maana kila juma linalopita huusogeza ukoko kwenye hidroksiapatiti, ambayo ni ngumu kuiyeyusha kuliko ilivyoanza. Yeyusha gramu 20 za ndimu ya unga kwa kila lita ya maji. Hiyo hukupa pH kati ya 2 na 2.5. Jaza mipira, hakikisha kitundu cha mwisho kinatoa maji yenye pH hiyo, kisha funga na uache kwa saa chache. Fungua ncha zote, suuza kwa maji mengi mpaka pH irudi ile ya kisima, na usisuuzie kwenye mashina ya miche michanga. Usafi huu ufanywe shambani pasipo na mimea au baada ya kuvuna, na mbuzi na ng'ombe wazuiwe kunywa maji hayo.

*pH hupanda tena kila siku, ingawa asidi ni ile ile.* Angalia mambo mawili: kama ulipima kabla ya gesi kutoka, na kama kisima kimebadilika kwa msimu. Rudia hatua ya 3 tangu mwanzo.

*Majani ya nyanya yana rangi ya zambarau upande wa chini, ilhali mbolea inatiwa.* Huenda fosfeti haifiki kwenye mizizi. Chunguza sakafu ya tangi na filta: unga mweupe hapo ni mbolea uliyoilipia. Chukua pia maji ya kitundu cha mwisho, uyaweke mbele ya kitambaa cheusi na tochi.

*Maji ni safi, vitundu vinatoa, lakini ncha za majani zinaungua.* Hili huenda si suala la fosfeti, bali la chumvi ya bahari iliyoingia kisimani, na asidi haiondoi chumvi. Pima uchumvi, na uchanganye na maji ya mvua ikiwa unayo.

*Vitundu havikufunguka hata baada ya kusafishwa mara mbili.* Kata kipande hicho cha mpira, uunge kipya kwa kiungio, na upime vitundu vya jirani yake kwa kukinga maji ya kila kimoja katika kikombe kwa dakika 5. Kile kitakachotoa pungufu sana ya wenzake nacho kikatwe siku hiyo hiyo, kabla ya kutia mbolea nyingine.